Makofi Mezani kwa Bi Mwanaisha

Siku ya kuniaga ofisini mlinunua keki, mkanipa shuka na saa ya ukutani, kana kwamba anayestaafu ndiye hasa anayehitaji kujua ni saa ngapi. Kisha Sharon akaniuliza mbele ya wote, "Madam, si utuachie ile list yako ya hoteli za samaki Mombasa? Hizi za kwa simu ni za kudanganya watu." Mkacheka, mkanipigia makofi. Nikasema nitawaandikia, halafu nikatoka nje haraka. Mlidhani ni machozi ya kuagana. Yalikuwa ni yale makofi.

Orodha ninayo, na nitawaeleza nilivyoipata, maana hoteli hufungwa na wapishi huhama, lakini njia ya kuzitafuta haibadiliki sana. Ila kuna hoteli moja nitakayoieleza kwa kirefu. Mtu alikufa humo, kwenye meza niliyomkalisha mimi, na niliyoyasema baada ya kifo chake hayakuwa kweli. Anayetaka mbinu za kutafuta hoteli tu asome mwanzo kisha aache. Nawaomba msiache.

Nilipoanza, kampuni yetu ya kutembeza watu ilikuwa chumba kimoja hapa Kitengela, juu ya duka la simenti na mabati, na ukifungua dirisha vumbi la barabara ya Namanga linakaa mezani kabla yako. Niliajiriwa kupiga taipu. Bahari nilikuwa sijaiona hata kwenye kalenda. Mimi ni Mkamba wa Machakos, na kwa kuwa kule pwani kamba ni mdudu wa baharini anayeliwa na wali, utani huo nimeusikia wa kutosha. Tuuache hapo hapo. Mwenye kampuni alikuja siku moja akasema, "Mwende, wewe unajua kuongea na watu. Wapeleke hao akina mama wa Matasia Mombasa. Wanataka kitu moja tu, wakule samaki mzuri."

Kitu kimoja tu! Nilifika Mombasa na akina mama thelathini na tisa, nikawapeleka kwenye hoteli ya kwanza iliyonivutia macho. Ilikuwa ufukweni, imechorwa kamba mkubwa mwekundu ukutani, wahudumu wamefunga tai, na karatasi ya vyakula ina kurasa nane. Kila tulichoitisha kilikuwepo. Niliona fahari kweli. Siku ya kurudi basi lilianza kusimama kabla hatujafika Voi, na kufika Mtito Andei tulikuwa tumesimama mara tisa. Mama mmoja, akiwa ameinama kwenye nyasi, aliinua kichwa akaniambia, "Mwende, hii bahari yako itatumaliza." Wenzake wakacheka, wanyonge hivyo hivyo. Mimi sikucheka. Wiki iliyofuata niliomba ruhusa nikarudi Mombasa peke yangu.

Nilikwenda moja kwa moja soko la samaki asubuhi, wakati mizigo inashushwa. Sikununua kitu. Nilisimama nikatazama wanunuzi, kama mtu wa kwetu anavyosimama mnadani akitazama nani anajua ng'ombe. Wengi walichukua walichopewa. Lakini palikuwa na mama mmoja mfupi wa buibui, ana kikapu cha ukindu, ambaye kwa kila samaki mmoja aliyemchukua aliwakataa watatu, na wauzaji walimnung'unikia lakini hawakubishana naye. Alipoondoka nikamfuata. Tulipita vichochoro vya Mji wa Kale, mimi nyuma hatua kumi, mpaka akageuka ghafla.

"We mwanamke, wanifuata tangu sokoni. Wataka kuniibia au wataka kula?"

"Nataka kujifunza, Mama."

Alinitazama viatu, akanitazama uso. "Basi ingia ndani uanze na magamba."

Huyo ndiye Bi Mwanaisha. Hoteli yake ilikuwa na meza sita na haikuwa na kibao. Siku hiyo niliparua magamba hadi adhuhuri, na mikono ilininuka hadi Kitengela. Kwa miaka iliyofuata, kila nikishuka na kikundi nilipita kwake kwanza, na karibu yote mnayodhani ni akili yangu yalitoka kinywani mwake.

Alinifundisha kwamba samaki mzima hutazamwa machoni: jicho liwe limejaa na liwe safi, siyo limezama na kuingia ukungu. Inua shavu uone ndani kwekundu. Kukiwa kahawia, mrudishe mezani. Bonyeza mnofu kwa kidole, na shimo lisipofutika ondoka. Samaki aliyetoka majini leo ananuka bahari, hanuki samaki. Hilo la mwisho lilinichukua mwaka mzima kulielewa.

Kuhusu hoteli zenyewe, alisema ogopa hoteli isiyokosa kitu. Ukiuliza samaki changu ukaambiwa leo hakuna, ukiuliza pweza ukaambiwa amekwisha, vuta kiti ukae, kwa sababu hao wanapika kilichopatikana asubuhi. Hoteli yenye kila kitu kila siku ina friza kubwa, na umeme wa friza hiyo hujui ulikatika mara ngapi. Tazama wanaokula. Ukiona makarani wa ofisi za karibu na watu wa bandarini wanakula mchana bila kutazama karatasi, na bibi wa mtaa ametuma sahani yake ijazwe, basi umefika. Ukiona wageni watupu wanapiga picha chakula, endelea na safari. Dereva wa tuktuk usimuulize hoteli nzuri iko wapi, maana atakupeleka kwa anayemjua. Muulize jana yeye mwenyewe alikula wapi. Omba kwenda chooni kabla ya kuagiza. Tazama mafuta ya kukaangia. Yakiwa meusi, nunua ndizi ule ukitembea.

Haya yote niliyaandika kwenye daftari langu la jalada gumu, lile mnalolijua, lenye madoa ya mchuzi. Kila hoteli ilikuwa na ukurasa wake: mpishi nani, maji ya kunawa yanatoka wapi, siku gani wanafunga, ndimu wanatoa au wanauza. Mkiachiwa chombo kimoja cha kazi hii, kiwe daftari, siyo simu. Lakini nimelifungua tena juzi, nikalisoma kurasa zote, na nimeona nilichokiacha. Kila kitu kuhusu hoteli kimo. Kuhusu watu niliowapeleka kula humo hakuna hata mstari mmoja.

Sasa niwaeleze ile siku ya kuonja, maana niliianzisha mimi na bado mnaifuata. Watu wa bara ni wagumu. Nimepeleka vikundi vya Kware na vya Illasit, na nimebeba unga wa ugali kutoka Kitengela mpaka Mombasa kwa ajili ya watu waliosafiri siku nzima kuifikia bahari kisha wakauliza kama kuna nyama choma. Iliniudhi. Niliona ni aibu mtu arudi nyumbani bila kuonja. Kwa hiyo nikaweka siku ya pili kuwa siku ya kuonja. Sinia linaletwa katikati ya meza, limejaa pweza, ngisi, kamba wa nazi, na kila mmoja lazima atie kitu kinywani. Anayekataa anapigiwa makofi. Watu wote wanapiga, polepole kwanza, halafu kwa kasi, wanamtaja jina, mpaka ameze. Hakuna aliyewahi kuyashinda makofi yale. Nilijivunia jambo hilo kuliko lolote kazini, na kila mratibu mpya aliyekuja chini yangu nilimfundisha.

Baba Naserian alikuja na kikundi cha wafugaji kutoka ng'ambo ya mji wa Kajiado, karibu na Bissil. Walikuwa wazee ishirini na wawili walioamua kwenda kuiona bahari wangali na nguvu ya kutembea. Yeye alikuwa makamu wa mwenyekiti. Alikuwa mrefu, shuka jekundu juu ya koti, viatu vimepigwa rangi hadi vinang'aa, mpole wa kusema. Kiswahili alikitamka neno moja moja. Tuliposimama Emali kunywa chai alikuja kusimama karibu nami.

"Madam, mimi nikuambie ukweli. Sisi zamani samaki hatukuli. Wazee walisema hiyo ni nyoka ya maji. Watoto yangu wanakula, wamesoma. Mimi sijawahi."

"Sasa Mzee, utatoka kwako mpaka bahari ukunywe chai peke yake?"

Alicheka. "Nitajaribu. Usinichekelee tu."

Siku ya kwanza mchana tulikula mahali padogo karibu na tulipolala, wali na mchuzi, na ndani ya mchuzi mlikuwa na kamba wachache. Niliwaona wazee wakiwapekua kwa kijiko kama watu wanaotafuta mawe kwenye maharagwe. Baba Naserian alikula vijiko viwili vitatu. Nilipokwenda kunawa nikamkuta kwenye sinki, anajimwagia maji mdomoni.

"Madam, mdomo inaniwasha," alisema. "Na hapa pia." Akashusha kola ya shati. Shingoni palikuwa na vijivimbe vyekundu, vidogo, kama vya mbu lakini vimesongamana.

Niliviona. Nataka mlielewe hilo vizuri. Mwanga ulikuwa wa kutosha, na nilisimama karibu naye kuliko nilivyowahi kusimama karibu na samaki yeyote niliyemkagua.

"Hiyo ni pilipili ya pwani, Mzee," nikamwambia. "Na joto. Kesho utakuwa umezoea."

Alirudisha kola yake, akafunga kifungo. "Sawa. Wewe ndiye unajua."

Ilikuwa ni sentensi ya kawaida kabisa, na nilikwenda zangu kuhesabu watu kwenye basi.

Siku ya pili niliwapeleka kwa Bi Mwanaisha. Aliunganisha meza zake zote sita. Asubuhi hiyo nilikwenda naye sokoni mwenyewe, na niliona kamba wale wakitoka kwenye barafu, magamba yao yanang'aa, vichwa vimeshika. Katika miaka yangu yote sikuwahi kuona chakula kilichopikwa kwa usafi kuliko cha siku ile. Nasema hivi kwa sababu ya maneno yaliyokuja baadaye.

Sinia lilipofika, wazee walianza utani. Mmoja alishika mguu wa pweza akauliza kama unachinjwa au unanyongwa. Kila mmoja alionja, wengine wamefumba macho. Zamu ya Baba Naserian ilipofika alitazama sinia, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya chini, "Madam, leo mimi nikule wali peke yake."

Mimi ndiye niliyeanza kupiga makofi.

Walifuata wote. Polepole kwanza, halafu kwa kasi, wanaita jina lake. Alitabasamu, mtu mzima aliyezoea kuheshimiwa, hataki kuharibia wenzake furaha. Alichukua kamba mmoja, akala. Wakashangilia. Akachukua wa pili ili kuonyesha kwamba haogopi.

Sijui zilipita dakika ngapi. Tulikuwa tumeshageukia mzee mwingine. Nilimwona Baba Naserian amesimama, ameshika koo, midomo imevimba, macho yanafungika. Alitaka kusema na sauti ikatoka nyembamba, si yake. Na sisi watu wa bara tunajua hatari moja tu ya samaki. Wote tulipiga kelele, "Mwiba! Amekwama na mwiba!" Kamba hana mwiba. Nilikuwa nimewaparua na kuwamenya kwa miaka mingi, nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu, na bado nilipiga kelele pamoja nao. Mzee mmoja alimpiga mgongoni. Mwingine akafinyanga tonge kubwa la ugali, ule ugali wangu wa Kitengela, akamtia kinywani ili lisukume mwiba. Nilimshikilia kidevu. Alikuwa akitikisa kichwa, na tulidhani ni maumivu.

Bi Mwanaisha alitoka jikoni na upawa mkononi. Alimtazama mara moja tu. "Mtoeni hilo tonge! Huyu hana mwiba, mwili wake wamkataa kamba! Iteni tuktuk, mwanicheleweshea mtu!" Alimtia vidole kinywani kutoa ugali, sisi tumesimama. Tulifika hospitali mapema kadiri ilivyowezekana, na wale watu walifanya kazi yao wakikimbia. Haikutosha. Alikufa kabla ya saa tisa mchana.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alinieleza kwamba ni aleji, na kwamba mara nyingine mwili hutoa onyo kabla. Akauliza, "Aliwahi kuonyesha dalili yoyote? Kuwashwa, kuvimba, kitu kama hicho?" Mwenyekiti wa kikundi alikuwa amesimama kando yangu, kofia mkononi.

"Hapana," nikasema.

Sikulipanga. Lilitoka tu, na likishatoka unalilinda. Mkiwa kazini muda mrefu mtajua jinsi ilivyo rahisi kusema neno fupi mbele ya watu, na jinsi linavyotaka kulindwa na mengine kila siku baada ya hapo.

Wazee walirudi nyumbani wakisema samaki wa hoteli ile walikuwa wameoza. Hawakuwa na ubaya, walihitaji sababu. Maneno yalifika ofisini, na nikaambiwa nifute hoteli ile kwenye orodha. Niliifuta. Ukurasa wake umo kwenye daftari, nimeupiga mstari mmoja wa kalamu nyekundu. Vikundi vingine vya bara vilisikia, navyo vikaacha. Bi Mwanaisha alinipigia simu mara moja tu.

"Mwanangu, wewe ulikuwa nami sokoni. Samaki wangu walikuwa na nini?"

"Hawakuwa na kitu, Bi Mwanaisha."

"Basi mbona husemi?"

Nilimwambia kwamba ofisi imeamua. Akasema, "Haya mwanangu, kaa salama," akakata. Hoteli ilifungwa mwaka uliofuata. Siku hizi pale wanauza vifuniko vya simu. Yeye alifariki, na mimi nilisikia habari hiyo kwa dereva, mazishi yakiwa yameshapita.

Lakini nimerukia mbele. Niliusindikiza mwili wa Baba Naserian kutoka Mombasa hadi Athi River, tukapita hapa Kitengela mbele ya ofisi yetu, hadi Kajiado na zaidi. Nilikaa mbele na dereva. Kwenye mazishi nilikaa nyuma, na yalipokwisha mke wake alinijia. Mama Naserian ni mwanamke mwembamba, mtulivu kama mumewe alivyokuwa. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nilidhani atanilaani, na nilikuwa tayari. Hakunilaani.

"Wewe ndiye ulikuwa na yeye," alisema. "Alikuambia kitu? Siku ya kwanza, alikuambia anasikia vibaya?"

Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Nilidhani anatafuta kosa langu. Nikamjibu, "Hapana, Mama. Hakuniambia kitu."

Aliuachia mkono wangu. Nilimwona mabega yake yakishuka, nikasema moyoni kwamba ni huzuni.

Tangu siku hiyo sikupiga makofi tena mezani. Lakini sikuwakataza nyinyi, kwa sababu mngeniuliza kwa nini. Nimewaona kwenye video mnazotuma, mtu amefumba macho, ana kijiko mdomoni, na meza nzima inampigia. Mnaonekana wenye furaha. Kila nikiziona natafuta shingo ya anayekula, naitazama kama ina kitu, halafu naizima simu.

Kazi niliendelea nayo miaka tisa baada ya hapo. Niliifanya vizuri, watu walikula na kushiba, na wengi wenu mliniita mtaalamu. Sharon aliponiomba orodha ile siku ya keki, nilijua siwezi kuiandika nikiruka ukurasa wenye mstari mwekundu. Na siwezi kuwaandikia nyinyi kabla sijamwambia Mama Naserian, aliyeniuliza kaburini. Wiki iliyofuata nilipanda gari la Kajiado, kisha boda boda hadi kwake.

Alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Nilimwamkia kwa Kimaasai, "Takwenya," naye akaitikia, "Iko," kabla hajanitambua. Aliponitambua aliweka ungo chini, akanivutia kigoda, akanimiminia chai ya maziwa. Niliishika bila kunywa. Nilimwambia yote. Nilimwambia juu ya sinki, na kola, na vile vijivimbe, na pilipili niliyoisingizia. Nikamwambia kwamba siku ya pili aliomba wali peke yake, na mimi ndiye niliyeanza makofi. Nikamwambia kwamba hoteli haikuwa na kosa. Nikamwambia kwamba aliponiuliza kaburini nilidanganya.

Mbuzi walikuwa wakilia nyuma ya nyumba. Nilipomtazama niliona machozi yanamtoka bila uso wake kubadilika.

"Alinipigia simu ile jioni," alisema. "Akaniambia, Mama Naserian, hiyo chakula imeniwasha mdomo, kesho nitakula ugali na maziwa. Mimi nikamwambia, usiaibishe watu. Umeenda kwa watu, kula kama wao. Hao wanajua chakula yao." Akajifuta kwa kitambaa cha bega. "Ni mimi nilimwambia akule."

Akauvuta ungo karibu naye.

"Nilikuuliza siku ile kwa sababu hiyo. Nilitaka kujua kama kuna mtu mwingine alijua. Ukasema hapana. Nikajua basi, ni mimi peke yangu aliniambia, na mimi nikamtuma akufe." Alisema bila kupandisha sauti. "Miaka tisa. Watoto hawajui. Kanisani sijasema. Nikilala, ninasikia hiyo simu."

"Nisamehe, Mama Naserian."

"Tulikuwa wawili," alisema, akiyatazama maharagwe. "Na wewe ulijua tuko wawili, ukaniacha."

Sikujua kuhusu ile simu, na nilitaka kumwambia hivyo, kwamba sikujua. Nikalimeza. Ningesema kweli pale kaburini, nisingehitaji kujua. Yeye angerudi nyumbani na nusu ya mzigo, pengine chini ya nusu, maana mimi niliiona ile shingo na yeye aliisikia tu kwa simu.

Kwa hiyo hii ndiyo orodha yenu, nimeiambatisha, na ukurasa wa Bi Mwanaisha nimeuandika upya bila mstari, ingawa hakuna tena hoteli ya kwenda. Kabla basi halijaondoka Kitengela, keti na kila abiria, mmoja mmoja, siyo mbele ya wenzake, umuulize amewahi kula nini cha baharini na kilimfanya nini. Andika jina lake na jibu lake. Mtu akisema anawashwa, hata kidogo, hali tena, na unampeleka kwa daktari siku hiyo hiyo. Na mtu akisema leo nitakula wali peke yake, mpakulie wali.

Makofi myaache. Sasa mnajua kwa nini.

Hamjaniuliza kama Mama Naserian alinisamehe. Hakusema. Aliinuka, akamwita binti yake aliyekuwa akifua nyuma ya nyumba. Naserian alikuja akijipangusa mikono kwenye kanga, mwanamke mzima sasa, mrefu kama baba yake. Mama yake alimwonyesha kigoda kingine, naye akaketi mbele yangu.

"Mwambie yeye pia," Mama Naserian alisema. "Yote. Usiharakishe."

Niliweka kikombe chini, nikaanza tena tangu pale kwenye sinki.